Kiwavi Asiye na Pembe

Nilipokuwa mtoto huku Kitengela, wakati nyasi bado zilikuwa nyingi kuliko fleti, nilisifika kwa uongo. Nikiona kenge mtoni, nikifika nyumbani amekuwa mamba. Basi Mungu, kwa utani wake, akanifanya shahidi.

Mumbua, dada yangu mdogo, alianua taulo kwenye kamba, akajifuta uso. Ndani mlikuwa na kiwavi. Akapiga ukemi, mdudu akaanguka miguuni pangu, na kabla sijasema neno Baba akamponda kwa gambuti hadi akawa uji.

Susu, nyanya yetu, akashika kichwa. "Nimesema mara ngapi? Kiwavi hauawi kabla hajajulikana anakula mti gani!"

Kwake Susu, dawa ilikuwa jani la mti uleule uliomlisha kiwavi. Ukikosea mti, sumu inashuka moyoni.

Uso wa Mumbua ukafura, macho yakazama, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Baba akatoka mbio kutafuta gari, hata trekta.

Susu akanishika masikio yote mawili. "Musyoka, alikuwa na miiba ya kijani, kama wale wa mibuni ya kwetu Machakos?"

"Hapana, Susu."

"Pembe mkiani, kama wa viazi vitamu? Usiniongezee pembe leo, mwanangu. Mtoto anaenda."

Nikafunga macho. Ukweli ulinitetemesha, sikuwa nimeuzoea. "Hana pembe. Ana manyoya. Mgongoni ana vishungi vyeupe, kama vimekatwa na makasi. Kichwa chekundu."

"Wa mgunga huyo. Kimbia!"

Nilikimbia nikilia hadi kwenye mgunga nyuma ya zizi. Viwavi wenzake walikuwa pale kwenye gome, vishungi vimesimama; nikachuma majani. Susu akatafuna majani, akamkanda Mumbua usoni, akimwomba Yesu na mgunga bila ubaguzi. Baba akarudi na pikapu ya kubeba mawe, wakamkimbiza hospitali.

Alipona, ila jicho moja lilibaki na ukungu. Dripu au mgunga, hadi leo sijui. Nimezunguka nchi za watu, na bado sijifuti na taulo bila kuikung'uta, hata hotelini. Mgunga ulikatwa, pale sasa wanaosha magari. Lakini imani ile ya Susu ilitaka mtu aangalie vizuri kabla ya kukanyaga, na hilo sijapata sababu ya kulicheka.

Mumbua hunichokoza kwa simu: "Kaka, kweli hakuwa na pembe?"

Hadithi zangu zote zina pembe, mnanijua. Hii siiongezi kitu.