Kijiko cha Mwisho cha Kimea

Maisha yake yote ya ndoa fundi baiskeli alikunywa uji wa mkewe bila kuuliza unavyopikwa. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kimea, aliroweka mtama, akauacha uote chini ya gunia bichi, akauanika na kuusaga kuwa kimea cha kulegezea uji. Wanawake walijaa mlangoni kwake na bakuli zao, wakitaka kimea cha uji wa watoto. Kisha zikaja pakiti za dukani zenye picha ya mtoto anayecheka, watu wakamsahau kana kwamba uji wake haujawahi kuwalea. Siku hizi hata mtama wenyewe hufika sokoni umekobolewa. Punje nyeupe, nzuri, maiti: haioti.

Sasa Mama Kimea amelala kitandani. Uvimbe umebana koo, sauti imekwenda. Daktari hatampasua mpaka apate nguvu. Uji mzito haupiti kooni, na mwepesi ni maji matupu.

Fundi akapekua jikoni, akapata mkebe wenye vijiko viwili vya kimea. Cha kwanza akakitia kwenye sufuria inayotokota. Akakoroga mpaka jasho likamtoka. Uji ukabaki mzito kama gundi ya viraka vyake.

"Umekiua, mzee wangu," alisema nesi aliyekuja kumwona mgonjwa. "Punje ikiota hutengeneza kimeng'enya. Hicho ndicho kinachokatakata wanga, uji ukalegea na nguvu yake imo humo humo. Moto mkali unakiharibu."

"Nitajuaje mimi?"

"Miaka yote hiyo ulikuwa unakunywa umefumba macho?"

Mama Kimea akacheka kwa mabega tu. Sufuria ilipoletwa kando ya kitanda na kupoa kidogo, akamvuta mumewe mkono, akakichovya kidole cha mumewe katika uji. Kikaungua. Wakangoja, akakichovya tena, na safari hii kidole kikavumilia. Akaitikia kwa kichwa: hapo.

Kijiko cha pili kikaingia. Punde mwiko ukawa mwepesi mkononi. Mama Kimea akanywa, akameza, akanyoosha bakuli aongezewe.

"Na kesho?" fundi akauliza. "Mkebe mtupu."

"Kimeng'enya hakimaliziki kwa kufanya kazi," nesi akasema. "Kikishakata hapa kinahamia pale. Bakiza kikombe, usikichemshe, kesho ukitie kwenye sufuria mpya. Lakini otesha kimea kingine haraka."

Kesho yake uji ulilegea. Keshokutwa ulilegea pia, ila kwa kusuasua, maana kibarua wa kukata wanga alikuwa yule yule, naye kila siku sehemu yake kubwa huenda tumboni na shamba likabaki kubwa vile vile. Chini ya gunia, mtama wa sokoni aliouroweka ulinuka uvundo. Fundi aliupekua punje kwa punje kama anayetafuta pete. Hapakuwa na chipukizi hata moja.

Asubuhi iliyofuata alimimina kikombe cha uji wa jana, akakoroga, akangoja, akakoroga tena. Mama Kimea alikuwa ameshakaa, bakuli mapajani. Fundi akauachia mwiko. Ukasimama wenyewe katikati ya uji mzito.

"Subiri, mama watoto," akasema, akaushika tena. "Subiri kidogo tu."