Siku Niliyoikata Chai Yangu

Kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa ni ya miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Bomet, na mume wangu alikuwa kibarua wa reli kule Kipkelion. Ndiyo kwanza sisi Waafrika tulikuwa tumeanza kuruhusiwa kupanda chai. Niliitaka sana. Baba mkwe wangu hakuitaka, maana mteremko ule ulikuwa malisho ya ng'ombe wake.

"Majani ambayo hata mbuzi hataki," alisema. Lakini akanikatia kipande. "Ikikauka, ng'ombe wanarudi."

Nikapanda miche. Chai inapenda udongo wetu mwekundu na mvua ya kila alasiri, na haikuchukua muda ikanifika kiunoni. Kila aliyepita njiani aliisifu. Nami nilikuwa kijana, mwanangu, sifa zilinilewesha.

Bwana shamba akaja, akaniambia niikate yote ibaki shubiri moja tu kutoka chini. Nikaitikia vizuri, na alipoondoka nikalirudisha panga ndani. Ningeikataje? Baba mkwe angeona visiki, aseme nimeshindwa.

Kiangazi kikafika. Ile miche mirefu, kila mmoja na shina lake moja jembamba, ikayumbishwa na upepo, majani yakapukutika. Safu ya juu ikakauka kabisa.

Jirani yetu Kogo Taplelei, bibi mzee aliyekuwa amechuma chai ya wazungu kule Kericho miaka mingi, alisimama kwenye ua akaniita.

"Binti, wewe unalea chai ama unalea sifa?"

Akaunyooshea kidole mche mmoja mrefu.

"Huo ukiuacha ni mti," akasema. "Utakuwa mrefu kuliko nyumba yako, utoe maua meupe, na hutachuma kitu. Ukiukata chini unatoa matawi, unatanuka kama meza, na utakupa majani mwaka mzima mpaka uzeeke. Ngoja mvua ya kwanza, halafu ukate."

Mvua iliponyesha, asubuhi yake nikanoa panga. Nilikata safu baada ya safu, machozi yananitoka, na sikusimama. Nilipoinua kichwa, baba mkwe alikuwa langoni na fimbo yake.

"Nani ameharibu hapa?"

Siku hizo mke wa mtu hakujibizana na mkwewe. Niliinamisha macho, lakini nilimjibu.

"Ni mimi, Baba. Sijaharibu. Nipe mpaka mvua hii iishe. Isipochipua, nitawafungulia ng'ombe lango kwa mkono wangu."

Akageuka, akaenda zake.

Nikatandaza nyasi kavu kuzunguka visiki, nikang'oa magugu kwa vidole ili nisiumize mizizi. Wiki zikapita, hakuna kitu. Nililala vibaya, sikudanganyi. Halafu siku moja nikainama nikaona vichipukizi vitatu kwenye kisiki kimoja, vinne kwenye kingine, laini sana, shamba lote. Isipokuwa ile safu ya juu. Hiyo niliiua mimi kwa kuchelewa, na nikaipanda upya.

Chai ikatanuka, ikafunika udongo wote. Siku niliyochuma mara ya kwanza, majani mawili na kichipukizi chake, baba mkwe alikuja, akabeba kikapu mwenyewe mpaka barabarani.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiambiwa na anayejua kwamba kazi yako inataka kukatwa, ikate mapema, hata kama watu wanaisifu. Ukiulizwa ni nani amefanya, sema ni mimi. Halafu usikimbie, baki hapo uitunze. Mimi nilichelewa, na kuchelewa huko kulinigharimu.

Mungu akupe mkono imara, akupe na majirani wa kukuambia ukweli. Uishi uone wajukuu wako wakicheka.