Baridi ya Nashipae

Tangu msiba wa mama yake, Sabina hajapanda gari la baba yake, Reginald. Anatoka nyumbani kwao Sekei kwenda kazini kwa bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe.

Reginald anajua sababu. Miezi yote ya ugonjwa ndiye aliyempeleka mkewe, Nashipae, hospitali, Sabina akiwa naye kiti cha nyuma. Kila safari Nashipae alilalamika baridi. Reginald, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijivunia gari linalojipangia joto lenyewe. Alimwonyesha namba kwenye kioo kidogo cha dashibodi: nyuzi ishirini na tano.

“Mama Sabina, gari liko sawa. Hiyo baridi ni ya ugonjwa.”

Safari ya mwisho Nashipae alimwomba azime kiyoyozi kabisa. Reginald akamwambia akiache, kitajirekebisha. Nashipae alivuta shuka hadi kidevuni, hakuomba tena.

Julai hii Reginald, mzima wa afya, akaanza kutetemeka ndani ya gari hilo. Akaenda Elerai kwa Sumari, fundi wa viyoyozi vya magari, njia nzima akiomba Mungu iwe kitu kimeharibika juzi tu.

Sumari hakufungua hata boneti. Alifunua kitambaa cheupe cha kufuma kilichotandazwa kwenye dashibodi na kuning’inia karibu na usukani.

“Wachaga kwa kuvalisha vitu! Friji mnaivalisha, sasa hadi gari?”

Chini ya kitambaa palikuwa na vitundu vidogo. Sumari alieleza kwamba gari huvuta hewa ya ndani kupitia hapo, kifaa kiitwacho sensa kinapima joto lake, kompyuta inalilinganisha na namba iliyowekwa, kisha inaamua ichanganye hewa baridi na ya moto kwa kiasi gani. Vikizibwa, sensa inabaki kupima joto la dashibodi yenyewe, iliyochomwa na jua. Gari linadhani abiria wanaungua, linazidi kuwapulizia baridi, huku namba kwenye kioo haibadiliki.

“Kimekaa hapa tangu lini?”

Tangu Krismasi ya kabla ya ugonjwa. Nashipae alikifuma pamoja na vile vya makochi, na Reginald ndiye aliyekibandika kwa gundi.

“Alikifuma marehemu,” alisema.

Sumari akakishusha polepole. “Pole, mzee. Sikujua.”

Jioni, wakinywa chai, Reginald alimweleza binti yake yote, bila kujitetea.

“Kwa hiyo alikuwa anasikia baridi kweli,” Sabina alisema.

“Kweli.”

“Nilikuwa nimemshika mikono, baba. Nilikuambia.”

“Uliniambia.”

Reginald akasema gari sasa limepona, kesho angeweza kumfikisha kazini. Alijuta kabla hajamaliza.

“Mimi sikugombana na gari,” Sabina alisema, wala hakupandisha sauti. Akakusanya vikombe viwili, akaenda navyo jikoni.

Reginald alibaki mezani. Bomba lilifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu kuliko unaohitajika kuosha vikombe viwili. Hakuthubutu kumfuata.