Bado Kidogo

Baba mdogo wangu alipandisha wageni milima mitatu mikubwa ya kisiwa chetu, tangu ana nywele hadi akapata upara, na kila mtu alimwita Bado Kidogo. Mgeni akisimama kwenye kona, anahema, na kuuliza, "Bado mbali?" yeye alijibu, "Bado kidogo tu," hata kama kilele hakijaonekana. "Ukimwambia mtu ukweli atakaa chini," alitueleza, "na akishakaa, utambeba wewe."

Uongo huo wa kazini alirudi nao nyumbani pamoja na matope ya viatu. Bati linavuja? Bado kidogo. Mama mdogo, mkewe, alikuwa na ombi moja tu: apelekwe mlimani, hata ule ulio mfupi kuliko yote, aone huko mumewe anakokupenda kuliko kwake. "Nina mke mwenza wa mawe," alikuwa akisema, nasi tunacheka. Baba mdogo naye: "Bado kidogo, mama. Msimu uishe kwanza." Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, maana yeye alikuwa na subira ya kuudhi.

Kisha mama mdogo kifua kikambana. Kutoka jikoni hadi mlangoni akawa anapumzika njiani. Daktari alipotueleza hali ya mapafu, baba mdogo aliacha kazi katikati ya msimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akahamia wodini na viatu vyake vya mlimani miguuni.

Jioni moja alimwinamia. "Upone tu, mke wangu, nikupeleke. Safari hii naapa. Kupona bado sana?"

Mama mdogo akavuta pumzi, akamshika mkono, akatabasamu. "Bado kidogo tu."

Baba mdogo akatoka, akakaa kwenye ngazi. Nikamfuata mbio, nimejaa furaha kama mjinga. "Si umesikia? Amesema bado kidogo!"

"Nimesikia, mwanangu," akasema, machozi yanamtoka. "Hilo neno ni langu."

Tulimzika mama mdogo wiki hiyohiyo.

Baba mdogo amerudi kazini, tumbo halina likizo. Lakini siku hizi mgeni akimuuliza kama bado mbali, humjibu, "Mbali. Mbali sana." Wengine hukaa chini, kama alivyosema zamani. Naye hukaa nao.