Malkia wa Nyumba Kubwa

Nina hasira na kitabu kimoja mpaka leo, na sitaki kuambiwa kwamba kitabu hakina kosa. Kina kosa.

Kilikuwa cha tano na cha mwisho katika hadithi ndefu ya Kiingereza kuhusu koo mbili za kifalme zinazogombea kiti kimoja, katika nchi ya kubuni yenye theluji na majoka. Tulivipata vyote vitano mjini Tabora, mimi na binti wa baba yangu mkubwa, tukiwa tunasoma sekondari ya bweni. Mhindi mmoja mwenye duka la vitabu karibu na soko alikuwa anafunga biashara ahame na familia yake, na vile vilikuwa vimechakaa havinunuliki, akatuambia tuvichukue kabla hajawapa wauza karanga wakafungie. Tukavibeba kichwani mpaka bwenini. Mwenzangu alisoma haraka kuliko mimi, kwa hiyo siku zote alikuwa kitabu kimoja mbele, akinirusha roho kwa kunificha yaliyotokea.

Wenzetu walidhani tunapenda majoka. Majoka yalitupita hivi hivi. Sisi tulizipenda zile koo kwa sababu tulizijua. Babu yetu alikuwa mtemi, wa ukoo uliotoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara iliyopita kwetu ikielekea pwani, na alikuwa na wake wawili. Binti wa baba mkubwa alitoka nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, mimi nyumba ndogo. Babu alikufa bila kusema nani amrithi, nyumba mbili zikakamatana mashati, na wakiwa bado wamekamatana serikali ya uhuru ikafuta utemi. Kiti kikaisha, ugomvi ukabaki. Watu wazima na akili zao walinyimana hata moto wa kuwashia jiko kwa ajili ya kiti ambacho hakikuwepo tena, eti heshima.

Kisha ukaja Ujamaa, tukahamishwa. Lori lilitubwaga upande wa Goweko, kwenye kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mstari, na ofisa wa kugawa viwanja, ambaye hakujua lolote, akaona ukoo ni mmoja akatupa viwanja vinavyopakana. Bibi yangu na bibi mkubwa wakawa wanaonana kila asubuhi wakifagia. Walisalimiana. Kutosalimiana kungekuwa ni kusema jambo, na wale wawili hawakusema jambo.

Shamba la kijiji lilikuwa la tumbaku. Likizo tulikaa na wanawake nje ya bani, lile banda la kukaushia, tukifunga majani mabichi kwenye fito mpaka vidole vikawa vyeusi kwa ulimbo. Ni kazi ya kuchosha kupita kiasi, na siku moja nikaanza kuwasimulia kitabu ili muda uende. Nilikifasiri kwa Kinyamwezi huku nafunga. Wafalme nikawaita watemi, kasri nikaliita ikulu, na zile koo nikaziita nyumba kubwa na nyumba ndogo. Ningeziitaje? Wanawake wakanogewa, wakawa wananisubiri nifike ndipo waanze kazi. Hata bibi mkubwa, ambaye kawaida yake ilikuwa kukaa mwisho wa mstari na kutupa mgongo, akasogeza kigoda chake.

Katika kitabu cha nne yupo malkia wa nyumba kubwa. Anamwalika mke mdogo wa mfalme na mwanawe, anamlisha yule mtoto uji kwa mkono wake mwenyewe, na kabla jua halijazama mtoto amekufa. Nilisimulia kwa madoido yote, nikamwigiza malkia anavyopuliza uji upoe. Nilipoinua macho, mikono ilikuwa imesimama mstari mzima. Bibi mkubwa akalaza ufito wake chini, akajifunga kanga upya, akamtazama bibi yangu, si mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kumbe umetafuta mtoto wa kukusemea."

Akaondoka, na wa nyumba kubwa wote wakamfuata, binti wa baba mkubwa akiwa wa mwisho, anageuka geuka kunitazama kama asiyeelewa kitu. Kweli hakuelewa. Sote wawili hatukuelewa.

Nyumbani mama alinizaba kibao kwanza, ndipo akanieleza. Kabla ya baba yangu, bibi alikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Alikula kwa bibi mkubwa, akarudi anatapika, kesho yake wakamzika. Hakuna aliyeshtaki, hakuna aliyekiri, na sisi watoto hatukuambiwa neno. Sasa mimi nimekaa hadharani nasimulia nyumba kubwa na nyumba ndogo na uji. Kwetu huo ni mkuki wa maneno, na lazima kuna mtu mzima aliyeunoa akampa mtoto aurushe. Niliapa kwamba mambo hayo yameandikwa na Mzungu asiyejua hata Tabora iko wapi. Shangazi zangu wakacheka. Mzungu gani, wakasema, anajua habari za uji ule? Sijioni na kosa mpaka leo.

Binti wa baba mkubwa akakatazwa kusema nami. Hata shuleni, ambako hakuna mkubwa aliyetuona, alitii, na hilo liliniuma kuliko kibao. Kitabu cha tano kilikuwa kwake.

Bibi yangu alikuwa na desturi ya kuniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Baada ya siku ile hakuniita chochote, nikajua amenichukia. Kisha mchana mmoja, tunakata viazi vya kuanika michembe, akaniuliza macho yakiwa kwenye kisu:

"Mke mwenzangu, yule malkia alikuja kusema?"

Nikamwambia sijafika huko, jibu limo kwenye kitabu cha mwisho, na cha mwisho kiko kwa wenzetu.

"Hata hicho kiko kwao," akasema.

Ikawa kila likizo ananiuliza. Hakujali nani alikalia kiti, hilo hakuliuliza hata siku moja. Nilimvizia binti wa baba mkubwa kisimani nikamwomba kitabu, akajitwisha ndoo yake akaenda zake. Nikatafuta mjini, lakini madukani kulikuwa na hotuba na vitabu vya kilimo bora tu. Bibi aliniuliza mara ya mwisho akiwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Nikamwambia bado. Tukamzika bila jibu, na bibi mkubwa akaja msibani, akakaa mkekani na wengine, akala.

Naye alikufa miaka michache baadaye. Matanga yalipokwisha, binti wa baba mkubwa, sasa ana watoto wake, akaingia uani kwetu na kitabu kimefungwa kwenye kanga. Hakuomba radhi, nami sikumkaribisha kukaa. Niliacha kazi zote nikakisoma. Malkia anazeeka. Mwanawe anakalia kiti. Mwenyewe anakufa kwenye mashuka meupe, kengele zinamlilia nchi nzima. Yule mtoto wa uji hatajwi hata kwa mstari mmoja. Wala sidhani kwamba mwandishi alificha kitu. Alimsahau tu, alikuwa na majoka ya kushughulikia.

Nilikwenda kumrudishia kitabu chake kwa hasira. Nikamwambia bibi yangu amekufa akisubiri upuuzi huu. Alikuwa anatwanga karanga, akaacha. Akaniambia kuwa bibi mkubwa naye alimlazimisha amfasirie, miaka ile ile bibi yangu angali hai, jioni kwa jioni uani kwao, mpaka ukurasa wa mwisho. Kilipokwisha akauliza, "Na yule mtoto?"

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia hayumo. Akasema nisome tena, huenda nimeruka."

Akamsomea tena, chote. Na kati ya kigoda cha bibi mkubwa na kitanda cha bibi yangu palikuwa na ua wa mabua tu, mtu akikohoa huku anasikika kule.