Mkate wa Bwana kwa Jemu

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na mwezi wa Desemba jina hilo lilikuwa adhabu. Kuanzia tarehe kumi oveni yake haikupoa. Keki za harusi, keki za maofisini, keki za watu ambao mwaka mzima husema wanajinyima, na sikukuu ikifika wanalegeza mkanda wa suruali kabla hata ya kuketi. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya keki kabisa. Ukipasua mayai mia mbili kwa wiki, hata harufu ya vanila inakukera.

Kanisani alikuwa na kazi moja zaidi: kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Unga, maji, mafuta kidogo, basi. Hauna chachu, hauna sukari, hauna raha. Na hapa ndipo penye uchungu: Krismasi nne mfululizo mkate wake ulifika madhabahuni, yeye hakufika. Alibaki jikoni akigeuza nyama za wakwe. Mwaka huu aliapa kufika. Mwezi wa nne alimzika mama yake, na tangu siku ile sala zilimgomea. Akipiga magoti, maneno yanakauka mdomoni, anainuka na kwenda kuosha vyombo. Alijiambia: nikiupata ule mkate mkononi, nimekaa kama watu wengine, labda nitaweza tena kusema na Mungu. Zawadi nyingine hakuitaka.

Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, tena ndiye aliyezungusha sinia la mkate. Kwa kazi hiyo na kwa tumbo lake, watu walimbandika jina la Mzee Sinia, naye akalipokea kwa furaha. Mtu mwema, jamani, hana neno na mtu. Ila kwa kula, weee! Tangu juzi alikuwa hajabanduka mezani. Alikula cha kwake, akala cha wageni, akamalizia makombo ya wajukuu akisema si vizuri kutupa neema.

Asubuhi ya Krismasi, saa moja, Mama Keki aliepua mikate mitatu ya duara, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akaenda kuoga. Akavaa gauni, hata hereni akavaa. Aliporudi jikoni alimkuta mzee wake ndani ya suti, kikombe cha chai mkononi, kitambaa cheupe kimetandazwa kifuani kuzuia matone.

"Mama watoto," alisema mzee, "leo umenitendea haki. Ila mikate yenyewe haikuwa na ladha, nimeisaidia na jemu."

Macho yalimtoka Mama Keki. "Umekula mingapi?"

"Si ilikuwa mitatu tu?"

"Baba watoto! Umekula Meza ya Bwana!"

Mzee alishusha kikombe taratibu. "Nilidhani umenipikia mimi. Ile ya kanisani huwa naiona imeshamegwa. Keki umesema nisiguse. Daktari naye alisema nipunguze sukari. Nikaona kitu hakina sukari, kimefungwa vizuri, nikasema, kumbe mke wangu bado ananipenda."

Sasa mtu kama huyu umpige au umhurumie? Mama Keki alisonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni. "Toka mbele yangu. Nenda kanisani ukakae na uso wako huo."

Alivua hereni, akafunga tena aproni. Kwenye pipa ulibaki unga wa kukung'uta, mwingine wote ulishakuwa keki. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nyumba ilikuwa na keki kumi na moja, jokofu halifungiki kwa nyama, na unga wa mkate mmoja wa maana haukuwepo. Alikanda kile kidogo huku machozi ya hasira yakimtoka, akapata kimkate kimoja cha ukubwa wa kiganja. Akakimbia nacho kikiwa bado moto.

Alimkuta mchungaji akirudia wimbo uleule kwa mara ya tatu ili kuvuta muda. Kanisa lilifurika watu wa sikukuu, wale wa mara moja kwa mwaka, na viatu vyao vipya. Mchungaji alikitazama kimkate, akamtazama Mama Keki. Akakimega vipande vidogo mno, ungedhani analisha vifaranga. Mama Keki aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, unga kwenye nyusi, akaanza kuhesabu vichwa. Hesabu haikumpendeza hata kidogo.

Mzee Sinia alikuja safu kwa safu, jasho linamtiririka. Alipofika benchi la mwisho, ambao hawajashiriki walikuwa wamebaki wawili: aliyeoka na aliyezungusha. Kwenye sinia kulikuwa na kipande kimoja, kama punje ya harage.

"Chukua, mama," alinong'ona.

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakula." Kisha akajishika kifua, mtu mzima na suti yake. "Nimekula siku tatu bila kupumzika, na humu ndani ni patupu. Patupu kabisa. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Mama Keki alikuwa amepanga kumnunia mpaka mwaka mpya. Hata sura ya kununa alishaiandaa. Alikichukua kile kipande, akakigawanya kwa kucha katikati, na bila kupiga magoti wala kufumba macho, sala ikamtoka yenyewe, fupi, haina hata adabu: Bwana, na sisi tulishe basi.

"Fungua mdomo," akamwambia mumewe, kama anayempa mgonjwa dawa.

Mzee akafungua.