Hina Kabla ya Idi

Juzi mjukuu wangu wa kidato cha pili alinukia hina ya Idi, nikakumbuka alasiri moja Wajir. Mama alinipaka hina huku akilia, nami nikaringa, nikidhani ni sikukuu. Kumbe amu yangu alikuwa ameua mtu, nami nilikuwa natolewa niozwe kwa ukoo wa marehemu, kisasi cha damu kiishe.

Mke wa mbunge wetu akaingia kikao cha wazee waliokuwa wakipatanisha koo uani kwetu, mumewe akiwa kati yao.

"Huyu mtoto ameua nani?"

"Mama Hassan, rudi ndani!" mumewe akafoka.

Akavua shela. Wazee wakainamisha macho, maana mwanamke kuwafunulia kichwa ni fedheha.

"Sijifuniki mpaka mumwache."

Nilicheka, nikidhani ameona joto. Wazee wakaniacha, na baadaye Mama Hassan aliwatetea wasichana kama mimi hadi Mandera. Hina yangu ilififia nikiwa darasani.